MAKAZI NI KINGA: Msaada wa nyumba na ulinzi kwa ndugu zetu waliohama ndani ya nchi



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna ndugu waliobaki Kongo ambao nao wameyahama makwao, ila hawakuvuka mpaka. Mnapopigiana simu mnasikia kwamba wamelala shuleni, au kanisani, au chini ya turubai pembezoni mwa mji, au wamejazana katika nyumba ya shangazi. Wanawauliza: ninyi huko mna UNHCR, je, sisi tunaangaliwa na nani? Swali hilo linafika mpaka kwenye mabenchi ya kituo cha afya, na katika toleo hili tunajaribu kulijibu.

Tutaeleza ni nani anayewajibika kwa mtu aliyehama ndani ya nchi yake, makazi yake yanapaswa kuwa na vipimo gani, na kwa nini turubai bila ulinzi halitoshi. Mengi ya haya yanakuhusu hata wewe unayeishi hapa kambini, kwa sababu vipimo vya makazi ni vilevile kwa mkimbizi na kwa aliyehama ndani ya nchi.

KWA NINI SHIRIKA LA AFYA LINAZUNGUMZIA NYUMBA?

Mganga anaweza kumtibu mtoto nimonia leo. Lakini mtoto huyo akirudi kulala juu ya udongo wenye maji, ndani ya kibanda kilichojaa moshi, wiki ijayo atarudishwa kliniki akiwa na ugonjwa uleule. Mahali watu wanapolala ndipo magonjwa mengi yanapoanzia:

- Msongamano huleta surua, kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo na upele.
- Moshi wa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha huharibu mapafu, hasa ya watoto wadogo na ya mama anayepika.
- Maji yaliyosimama kuzunguka vibanda huzalisha mbu wa malaria.
- Choo kilicho mbali au kilichojaa huwafanya watu wajisaidie porini, na mvua ikinyesha uchafu huo huingia kwenye maji ya kunywa.
- Mlango usiofungika humwacha mwanamke na mtoto bila kinga usiku.

Kwa hiyo tunaposema makazi, hatuna maana ya turubai peke yake. Tuna maana ya mahali ambapo familia inaweza kulala kavu, kupika, kwenda chooni, kuteka maji na kuamka salama.

MKIMBIZI NA MKIMBIZI WA NDANI: TOFAUTI NI MPAKA

Wewe uliyevuka mpaka ukiwakimbia wanaokutesa, au ukiikimbia vita, unaitwa mkimbizi. Unalindwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Nchi iliyokupokea imekubali kukuhifadhi, na UNHCR imepewa kazi ya kukulinda.

Ndugu yako aliyetoka Rutshuru au Masisi akakimbilia Goma amepoteza nyumba, shamba na mifugo kama wewe. Lakini kwa kuwa hakuvuka mpaka, yeye bado ni raia aliye ndani ya nchi yake. Redioni huitwa mkimbizi wa ndani. Huko Kivu wengi huwaita watu hawa wadeplase. Anayewajibika kwanza kumlinda na kumsaidia ni serikali ya nchi yake. Mashirika huingia kusaidia pale serikali inaposhindwa au isipofika.

Hana mkataba wa dunia nzima kama ule wa wakimbizi, lakini si kwamba hana haki. Yapo maandishi matatu ambayo ni vizuri kuyajua:

1. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998. Ni kanuni 30, zilizoandaliwa chini ya uongozi wa Francis Deng, mtu wa Sudan. Kanuni ya 18 inasema waliohama wapate angalau chakula na maji salama, makazi, mavazi, matibabu na usafi wa mazingira.

2. Itifaki ya nchi za Maziwa Makuu ya mwaka 2006 kuhusu ulinzi na msaada kwa waliohama ndani. Ni sehemu ya Mapatano yaliyotiwa saini Nairobi mwaka huo, na ambayo yalianza kutumika mwaka 2008. Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania zote zimo.

3. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa tarehe 23 Oktoba 2009 na kuanza kutumika tarehe 6 Desemba 2012. Huu ndio mkataba wa kwanza wa bara zima unaozibana serikali zilizouridhia ziwalinde na kuwasaidia watu waliohama ndani ya nchi.

Idadi ya watu hawa si ndogo. Mwishoni mwa mwaka 2023, Kongo peke yake ilikuwa na karibu watu milioni 7 waliohama ndani ya nchi.

VIPIMO VILIVYOTOKANA NA VIFO VYA GOMA

Mara nyingi mnamwona mtaalamu akipita na futi kamba akipima umbali kati ya kibanda na kibanda, au akihesabu matundu ya vyoo. Wengine hucheka na kusema wazungu wanapenda kupima. Inafaa mjue vipimo hivyo vilitoka wapi.

Mwezi wa Julai 1994 watu wapatao laki kadhaa walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache tu. Walikaa juu ya mwamba mweusi wa volkano, mahali ambapo huwezi kuchimba choo wala kaburi kwa jembe. Maji safi hayakutosha. Kipindupindu kiliingia, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa. Wengi wangepona kama wangepata maji safi, vyoo, na chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini kwa wakati.

Baada ya msiba huo mashirika yalijiuliza ni kiasi gani cha maji, cha nafasi na cha vyoo ambacho kikipungua watu hufa. Mwaka 1997 mashirika mengi, pamoja na yale ya Msalaba Mwekundu, yakaanza kazi ya kuandika vipimo vya chini vinavyoitwa Sphere. Vimerekebishwa mara kadhaa, lakini msingi wake ni uleule. Basi unapomwona mtu na futi kamba, ujue kwamba kila kipimo kina watu waliokufa nyuma yake, tena watu wa kanda yetu hii.

VIPIMO VYENYEWE

Nafasi ya kulala. Kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 chini ya paa. Familia ya watu 6 inahitaji mita 21. Turubai la kawaida la UNHCR, lile tunaloliita shitingi na wengine bashi, lina mita 4 kwa 5. Ukilitandaza chini linafunika mita 20; ukilifanya paa na kuta, ndani hubaki nafasi ndogo zaidi. Hivyo familia kubwa yenye turubai moja bado haijafikia kipimo, na inayo haki ya kusema hivyo.

Eneo la kambi. Ukijumlisha njia, jikoni, vyoo, shule na kliniki, kila mtu ahesabiwe mita za mraba 45.

Umbali kati ya vibanda. Usipungue mita 2. Tena kila baada ya mita 300 za vibanda kuwe na uwazi wa mita 30 ili moto usivuke. Huenda uwazi huo ukaonekana kama kiwanja kinachokaa bure, na ukatamani kujenga hapo kibanda cha kuku. Usijenge. Turubai huwaka haraka, na upepo huubeba moto kutoka kibanda hadi kibanda kabla watu hawajaamka.

Maji. Lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga. Kwa familia ya watu 6 hayo ni madumu manne na nusu ya lita 20. Bomba lisiwe zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani, na bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250.

Choo. Kimoja kwa watu 20, yaani kama familia nne. Mwanzoni mwa dharura huruhusiwa watu 50, lakini hali hiyo isiendelee. Kisizidi mita 50 kutoka kwenye kibanda, kama hatua 70 za mtu mzima. Kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Vyoo vya wanawake viwe peke yake, vifungwe kwa ndani, na njia yake iwe na mwanga.

Huenda ukasema, mbona hapa kwetu choo kimoja kinatumiwa na watu wengi zaidi? Ni kweli kwamba mahali pengi vipimo hivi havifikiwi, na tangu mwaka 2025 fedha za misaada duniani zimepungua sana. Lakini kipimo kinakupa neno la kusema mkutanoni. Badala ya kulalamika kwamba hali ni mbaya, mwambie kiongozi wa mtaa: "Sisi ni watu 80 na tunatumia choo kimoja. Kipimo ni 20." Mwenye hesabu husikilizwa kuliko mwenye malalamiko.

MSAADA WA MAKAZI HUTOLEWAJE?

Kwa waliohama ndani ya nchi, mashirika hugawana kazi kwa makundi tangu utaratibu huo uanzishwe mwaka 2005. Penye vita, UNHCR huongoza kundi la ulinzi na lile la makazi. UNICEF huongoza maji na usafi pamoja na lishe. Shirika la Afya Duniani huongoza afya. Ndiyo maana ndugu yako anaweza kuiona UNHCR hata kama yeye si mkimbizi, ingawa hapo jukumu la kwanza linabaki kwa serikali.

Msaada wenyewe huja kwa namna kuu nne. Ya kwanza ni vifaa: turubai, miti, kamba, misumari, blanketi, mikeka, sufuria, madumu na vyandarua. Ya pili ni kujengewa kibanda cha dharura, hasa kwa wazee, walemavu, wajane na watoto wasio na wazazi, kwa kuwa hawawezi kujijengea. Ya tatu ni fedha taslimu, pale soko linapofanya kazi, ili familia inunue mabati au ilipe kodi ya chumba. Ya nne ni msaada kwa familia zinazowapokea wageni.

Hii ya nne husahauliwa. Huko Kongo watu wengi waliohama hawamo kambini kabisa. Wamepokewa na ndugu, waumini wenzao au hata watu wasiowafahamu. Nyumba ya watu 7 inakuwa na watu 18, akiba ya mihogo inaisha na choo kinajaa. Msaada ukienda kambini tu, mgeni na mwenyeji wake wote wawili wanaumia. Kama ndugu yako yuko katika nyumba ya watu, mwambie ajiandikishe kwa mkuu wa mtaa au kwa kamati ya waliohama. Kuishi kwa mwenyeji hakumwondolei haki ya kusaidiwa.

MAKAZI BILA ULINZI HAYATOSHI

Yaliyotokea pembezoni mwa Goma tangu mwaka 2022 yanafundisha. Jarida hili haliingii katika siasa; tunaeleza tu yaliyowapata raia.

Vita ilipopamba moto Rutshuru, halafu Masisi, mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na kwingineko. Walijenga vibanda vidogo vya vijiti na turubai, tena juu ya mwamba uleule wa volkano. Mwishoni mwa mwaka 2022 kipindupindu kilizuka. Surua ilifuata. Chanjo, maji yaliyotiwa dawa na vyoo vilivyoinuliwa juu ya mwamba viliokoa wengi.

Lakini hatari nyingine haikuzuiwa na turubai. Chakula hakikutosha na kuni hazikuwepo, kwa hiyo wanawake na wasichana waliingia katika mbuga ya Virunga kutafuta kuni, na huko wengi walibakwa. Wengine walishambuliwa usiku ndani ya vibanda vyao. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kijinsia nchini Kongo, na sehemu kubwa ilikuwa katika kambi hizo za Goma. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, wakiwemo watoto.

Ulinzi basi si askari peke yake. Kutoa kuni au jiko linalotumia kuni kidogo ni ulinzi, kwa sababu mama haendi porini kila siku. Taa njiani na komeo la choo ni ulinzi. Kuweka kambi mbali na mstari wa vita, na kukataza silaha ndani yake, ni ulinzi. Kumpa mjane kibanda chenye mlango unaofungika, karibu na watu wanaomjua, nako ni ulinzi.

UKIFANYIWA UKATILI: NJOO NDANI YA SAA 72

Hili ni la kila mtu, awe hapa au kule. Aliyebakwa, mwanamke, mwanamume au mtoto, aende kituo cha afya haraka iwezekanavyo. Ndani ya saa 72 zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Ndani ya siku 5 zipo dawa za kuzuia mimba. Zipo pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, na mtu wa kukusikiliza. Hata siku hizo zikiwa zimepita, njoo. Bado kuna tunaloweza kufanya. Matibabu ni bure na ni siri. Kwenda au kutokwenda polisi ni uamuzi wako, na tiba haipaswi kungojea uamuzi huo. Aliyebakwa hana kosa.

MSAADA HAUUZWI

Turubai, kadi, kuandikwa jina kwenye orodha, kibanda, dawa: vyote hivyo ni bure. Hakuna anayeruhusiwa kukuomba fedha, na wala kukuomba mwili wako. Mwaka 2002 iligundulika kwamba katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone baadhi ya wafanyakazi wa misaada walikuwa wakiwadai wasichana ngono ili wawape chakula na turubai. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa amri: mfanyakazi wa misaada anayebadilisha msaada kwa ngono afukuzwe kazi, na kufanya ngono na mtoto wa chini ya miaka 18 ni marufuku hata kama mtoto "amekubali". Amri hiyo inamhusu bosi, dereva na mlinzi sawasawa. Likitokea, toa taarifa kwa mtu wa ofisi ya ulinzi, kwenye sanduku la malalamiko, au kwa mhudumu wa afya unayemwamini.

KURUDI NYUMBANI

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na mwezi wa Februari watu wa kambi za pembezoni mwa mji waliambiwa waondoke. Kwa siku chache tu vibanda vilikuwa vimebomolewa. Wengi walikuta nyumba zao za kijijini zimechomwa na mashamba yamekaliwa na wengine.

Kanuni Elekezi zinasema mtu aliyehama ana haki ya kurudi kwa hiari yake, kwa usalama na kwa heshima, au kukaa alipo, au kuhamia sehemu nyingine ya nchi. Asirudishwe kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Aliyerudi asaidiwe kupata mali yake, na ikishindikana alipwe fidia. Nawe msomaji, unapofikiria kurejea, uliza kwanza: kijiji changu kina usalama? Nyumba ipo? Kliniki inafanya kazi? Anayerudi kabla ya majibu haya huenda akaiacha hadhi ya ukimbizi hapa, kisha akawa mkimbizi wa ndani kule.

MWAMBIE NDUGU YAKO

Mnapozungumza kwa simu, mpe maneno haya:

1. Jiandikishe hata kama unaishi kwa mwenyeji. Andikisha kila mtu wa nyumba yako, pamoja na mtoto mchanga.
2. Hifadhi kitambulisho, kadi ya chanjo na karatasi za shamba ndani ya mfuko wa plastiki. Zikipotea, omba zingine. Ni haki yako.
3. Mtoto akifika mahali papya, mpeleke kwanza kwenye chanjo ya surua.
4. Inua mahali pa kulala, chimba mfereji kuzunguka kibanda, funga chandarua.
5. Wanawake waende kuni na maji kwa makundi, mchana, na si kwa njia ileile kila siku.
6. Usilipie msaada kwa kitu chochote.

Hapa kambini nawe unaweza kuanza leo. Pima kibanda chako, hesabu mnaotumia choo kimoja, angalia kama komeo linafunga, na acha mita mbili kati yako na jirani. Mzee au mjane asiye na nguvu za kutengeneza paa, taja jina lake kwenye mkutano wa mtaa kabla mvua hazijaanza. Kisha mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako aje aone hesabu uliyoipata. Hesabu hizo ndizo tunazozipeleka kwenye kikao cha mashirika, na bila ninyi kuzileta hatuna cha kuonyesha.